Fundi kalafati ana pointi nne za uhai: jinsi ya kumtengeneza mtu wa mji kwa mchezo wa Dungeons & Dragons

Wachezaji wameingia mjini. Umewaandalia pango, umewaandalia joka, umechora hata ramani ya handaki lililo chini ya ngome. Mmoja wao anakukatiza: "Yule anayegonga nyundo pale ufukweni, anaitwa nani?" Ukinyamaza kwa sekunde tatu huku unakuna kichwa, meza nzima imeshajua kwamba mtu huyo hayupo. Wataachana naye, na mji wako utabaki pazia tu nyuma ya joka.

Kwa ambaye hajawahi kuketi kwenye meza ya namna hii: Dungeons & Dragons ulitolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson kule Marekani, na michezo mingine mingi ya aina hiyo imefuata njia yake. Kila mchezaji humbeba mhusika mmoja. Mwendesha mchezo huwabeba wengine wote: sultani, joka, mlinzi wa lango, muuza mihogo. Mambo yenye mashaka huamuliwa kwa dadu, hasa ile ya pande 20. Namba nitakazozitaja hapa ni za toleo la tano, lililotoka mwaka 2014, kwa kuwa ndilo ninaloliendesha. Ukitumia kanuni nyingine badilisha namba. Mengine yanabaki vilevile.

Mchezo wenyewe nauendesha kwa Kiswahili, na mji wangu ni bandari ya nyumba za mawe ya matumbawe, yenye waelfi (viumbe wa hadithi wanaoishi karne nyingi) na wadwafu (watu wafupi wa hadithi) wanaouziana samaki. (Nasema dwafu, sisemi mbilikimo. Neno hilo limeshatumiwa sana kuwadharau watu halisi.) Nitamtengeneza mtu mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho ili uone jinsi ninavyofanya.

Hatua ya 1: Mpe kazi nyembamba

"Mfanyabiashara" ni neno la fomu ya benki, halikupi mtu. Hata "fundi" haitoshi. Fundi wa nini? Saa? Cherehani? Endelea kuipunguza kazi hadi uone mikono yake inashika nini.

Mimi nilitaka mtu wa bandarini, nikapita nahodha, nikapita baharia, nikamfikia fundi kalafati. Kazi yake ni kuziba mianya kati ya mbao za chombo. Anachukua nyuzi za pamba zilizoloweshwa mafuta, anazishindilia kwa patasi na nyundo, mwanya mmoja baada ya mwingine, kuanzia omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma. Akimaliza, sehemu inayokaa majini hupakwa deheni, yaani shahamu na chokaa, ili wadudu wa baharini wasiitoboe mbao. Kazi hiyo haifanyiki chombo kikielea. Husubiriwa bamvua, maji yajae sana, jahazi lisogezwe juu ufukweni. Maji yakitoka linabaki pakavu limelalia magogo.

Angalia umepata nini bila kuandika historia ya mtu. Unajua anapatikana wapi na wakati gani wa mwezi. Unajua ananuka shahamu, na vidole vyake ni vyeupe kwa chokaa. Unajua pia kwamba kuna siku chache za kazi nyingi, kisha siku nyingi za kukaa barazani. Kubwa zaidi, anajua jambo ambalo watu wengine mjini hawalijui: kila chombo kinavuja wapi.

Kila kazi nyembamba ina jambo la namna hiyo. Mwosha maiti ameziona alama mwilini. Dobi anajua shuka za nani zimekuja na damu. Mchota maji ndiye aingiaye uani kwa kila mtu. Ukilikosa jambo hilo, kazi uliyochagua bado ni pana.

Hatua ya 2: Jina, na usikawie

Kaa na orodha ya majina 20 uliyoyaandika mapema, ukilitumia moja unalikata. Basi. Tahadhari ni moja: katika mji mmoja usiweke majina yanayoanza kwa sauti ileile. Niliwahi kuwa na Makame, Makungu na Mkubwa katika mtaa mmoja, na hadi mchezo unakwisha wachezaji walikuwa wanamshitaki asiyehusika.

Mara nyingi cheo kinashika kuliko jina: Nahodha Feruzi, Bi Kidawa, Mama Zuhura. Wetu ataitwa Fundi Makame.

Hatua ya 3: Anataka nini leo, na anaficha nini

Hapa ndipo utumie muda wako. Waandishi wengi wa michezo hii, hasa wanaoanza, humpa mtu wa mji utoto wake, kijiji alichozaliwa, babu aliyeuawa na mazimwi. Hakuna atakayeyauliza hayo. Mchezaji anayesimama mbele ya mtu wako hukutana na haja yake ya siku hiyo.

Haja iwe ndogo, iwe na kipimo, iwe na mwisho wa muda. "Anataka utajiri" haifai. "Anataka kulipiza kisasi" ni ya joka. Makame anataka mizigo miwili ya pamba na watu wanne wenye nguvu, usiku, kabla bamvua halijakwisha. Siku tatu zimebaki. Hata mchezaji aliyekuwa anasinzia sasa anauliza: kwa nini usiku?

Swali hilo ndilo mlango wa siri. Ninachosisitiza katika mwongozo huu wote ni hiki: haja na siri ziwe ncha mbili za kamba moja. Mchezaji akivuta upande wa haja, upande wa siri usogee. Wengi wanaziandika mbali mbali. Mwokaji anataka unga, na siri yake ni kwamba zamani alikuwa mwizi. Vizuri, lakini unaweza kumletea unga kwa mwaka mzima usiuguse wizi wake.

Siri ya Makame ni hii. Mwezi uliopita tajiri mmoja alimpa majahazi mawili ayazibe kwa haraka. Katika jahazi la pili, alipofika kwenye mbao za chini, upande wa omo, pamba ilikwisha. Tajiri hakutaka kusikia habari ya kungoja. Makame akashindilia matambara makuukuu, akapaka deheni juu, kazi ikaonekana nzuri. La kwanza nalo alilimaliza kwa vipande vya mwisho vya pamba, vikiwa vyembamba kuliko inavyopasa. Lile la matambara lilizama likiwa na mabaharia tisa. Mjini wanasema ni mnyama wa baharini, na sultani ametangaza zawadi kwa atakayemwua. Jahazi lililobaki linang'oa nanga bamvua likiisha. Makame anataka kulifungua mbao na kulishindilia upya kabla halijaondoka, na asijue mtu.

Sasa pamba, usiku, watu wanne na siku tatu vyote vinaelekea mahali pamoja. Halafu ona: wachezaji wangu walikuja mjini kwa ajili ya ile zawadi ya mnyama. Fundi mwenye nyundo ameshika hadithi nzima mkononi, na pengine watampita.

Siri isiwe na ufunguo mmoja. Kwa hii niliweka njia tatu: kipande cha ubao wa jahazi kilichotupwa ufukweni chenye tambara kwenye mwanya, mke wa Makame anayelalamika kuwa kanga zake za zamani zimepotea zote, na Makame mwenyewe, akibanwa kwa upole. Akibanwa kwa ukali hasemi. Na hilo liandike: kipi kinamfungua mdomo na kipi kinamfunga.

Hatua ya 4: Salamu

Anayeendesha mchezo kwa Kiswahili ana hazina hapa ambayo wengi hatuitumii. Tunahangaika kubadilisha sauti, tunakwaruza koo, tunajifanya tuna kifua cha dwafu. Na lafudhi ndiyo balaa zaidi. Ukimfanya kila mjinga wa mji wako azungumze kama watu wa mkoa fulani, mtu wa mkoa huo ameketi hapo mezani anakutazama. Acha.

Tumia salamu. Katika sentensi ya kwanza tu salamu inasema nani mkubwa, nani mdogo, nani anaheshimu na nani amekasirika. Mpe kila mtu wa mji njia yake: anangoja kusalimiwa au anaanza yeye? Anaitikia "marahaba" kwa kuivuta, au anaitupa? Akiingiliwa nyumbani bila hodi anafanya nini?

Kisha mpe jina analowaitia wageni, na ulibadilishe hali ikibadilika. Makame huwaita vijana "mwanangu". Huu hapa mfano kutoka mezani kwangu:

"Fundi, habari za kazi?"

"Njema, mwanangu. Jua tu."

"Tunauliza habari za jahazi la Nahodha Feruzi, lile lililozama."

Nyundo inasimama. "Jahazi gani, bwana?"

Sikusema kwamba ameshtuka. Sikuomba mtu arushe dadu ya kusoma nyuso. "Mwanangu" iligeuka "bwana", na mchezaji aliyelelewa na bibi yake alinyanyua kichwa papo hapo.

Kwenye miji yenye viumbe wengine mambo yananoga zaidi. Kwa kanuni za toleo la 2014, elfi huhesabiwa mtu mzima akifika kama miaka 100, na anaweza kuishi hadi 750. Dwafu huonwa kijana hadi miaka 50. Basi Makame, binadamu wa miaka 63 mwenye mvi, anakutana na elfi wa miaka 110 mwenye uso wa mvulana wa sekondari. Nani ampe mwenzake shikamoo? Mezani kwangu tulibishana karibu nusu saa, chai ikapoa. Mwishowe tukaamua kuwa mji huo unahesabu wajukuu, hauhesabu miaka: mwenye mjukuu ndiye mkubwa. Elfi yule hana hata mtoto, kwa hiyo anamwamkia Makame, na anachukia kila mara. Kanuni hiyo haimo katika kitabu chochote, lakini imetupatia ugomvi mzuri kuliko mapango mawili niliyoyachora kwa wiki nzima.

Hatua ya 5: Pesa zake

Wachezaji hutoka pangoni na mifuko mizito, na kosa la kawaida ni kusahau kwamba mtu wa mji haishi na hesabu hizo. Kanuni zinakusaidia. Sarafu moja ya dhahabu ni kumi za fedha, na moja ya fedha ni kumi za shaba. Kibarua asiye na ufundi hulipwa fedha 2 kwa siku. Mwenye ufundi, dhahabu 2. Maisha ya kawaida, si ya shida wala si ya anasa, hugharimu dhahabu 1 kwa siku. Mkate ni shaba 2. Upanga mrefu ni dhahabu 15, na chupa moja ya dawa ya kuponya ni dhahabu 50.

Makame basi anapata dhahabu 2 siku za bamvua, siku nyingine hapati kitu. Nusu ya mwezi anaishi kwa deni. Mchezaji akimrushia dhahabu 50 "atuambie anachojua", amemrushia zaidi ya mwezi wa matumizi ya nyumba. Hiyo si bakshishi tena. Mtu mwenye siri akipewa fedha nyingi namna hiyo hafurahi, anaogopa. Atajiuliza wanajua nini. Ukishika hesabu hii, hongo mezani kwako itakuwa na uzito badala ya kuwa kitufe cha kubonyeza.

Ila bei zote usizimeze hivihivi. Jedwali la bidhaa la kanuni hizo linasema ratili ya karafuu ni dhahabu 3 na kuku mmoja ni shaba 2. Kwa hiyo ratili moja ya karafuu inanunua kuku 150. Mkulima wa Pemba angeihama Pemba akaishi humo kitabuni. Bei hizo ni za mji wa Ulaya unaongoja viungo vitoke mbali. Mji wako ukiwa ndiko karafuu zinakotoka, zishushe, kisha upandishe kitu kinacholetwa na meli. Kwangu ni chuma, na ndiyo maana Makame hulala na patasi yake chini ya mto.

Hatua ya 6: Namba

Dakika mbili zinatosha. Kanuni zina mtu wa kawaida aliyekwisha tayarishwa: uwezo wote sita (nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara, mvuto) ni 10, kinga 10 (namba ambayo anayempiga lazima aifikie kwa dadu), pointi za uhai 4 (zikiisha, anaanguka), rungu linalopiga kwa nyongeza ya 2 na kuumiza kwa dadu ya pande nne. Namba hizo zimo kwenye hati ya kanuni za msingi, toleo 5.1, iliyowekwa chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023. Unaweza kuipakua bure, kihalali, hata kwa simu.

Mchukue huyo, ubadilishe mambo mawili tu. Makame: busara 14, na katika kazi ya vyombo anaongeza 4 kwenye dadu, yaani 2 za busara na 2 za ufundi. Akitazama jahazi, ugumu wa 15, yaani namba ya kufikia kwa dadu, hukusumbua wewe zaidi yake. Kwingine kote ni mtu kama sisi.

Hizo pointi nne zikae kichwani mwako. Mchawi wa daraja la tano akirusha mpira wa moto, dadu nane za pande sita, wastani wake ni 28. Hata anayefanikiwa kukwepa hupata nusu. Baraza zima la wazee wanaocheza bao litaangamia kabla hujamaliza kuhesabu. Mchezaji lazima ajue hilo kabla hajarusha, si baada, mimi huwa nasema wazi: "Hapa pana watu kumi na wawili, mmoja amempakata mtoto." Anayetaka bado kurusha, arushe. Kanuni zinatoa pointi 10 za uzoefu kwa kumwua mtu wa kawaida. Mezani kwangu hazitolewi.

Hatua ya 7: Watu wawili

Mfunge na watu wawili mjini, wasizidi. Mmoja anayempenda, mmoja anayemdai. Mke wake, Bi Kidawa, wa kanga zilizopotea. Na yule tajiri wa majahazi, ambaye bado hajamlipa na hatamlipa mtu anayeuliza maswali. Wa tatu akihitajika wachezaji watamtafuta wenyewe, nawe utamchukua kutoka kwenye orodha ya majina.

Hatua ya 8: Kadi

Yote haya yaingie kwenye kadi moja ya ukubwa wa kiganja. Yasipoingia, punguza. Ukianza kupekua daftari mbele ya watu umerudi kwenye zile sekunde tatu. Yangu ilikuwa hivi:

FUNDI MAKAME, kalafati, miaka 63. Ufukweni, bamvua tu; siku nyingine barazani kwa muuza kahawa.
Leo: pamba mizigo 2, watu 4, usiku. Siku 3.
Siri: matambara kwenye omo. Mabaharia 9.
Humfungua: upole, au kutajiwa marehemu kwa majina. Humfunga: pesa nyingi, ukali.
"Mwanangu", akiogopa "bwana". Hutazama miguu ya mtu, si uso.
Uhai 4. Busara 14. Vyombo +4.
Kidawa (mke). Tajiri (hajalipa).

Nyuma ya kadi acha tupu. Kila kikao kikiisha, andika mstari mmoja au miwili ya kilichobadilika, usiku uleule, maana asubuhi utakuwa umesahau. Nyuma ya kadi ya Makame, baada ya kikao cha kwanza, nimeandika: "Wamempa pamba. Wamesukuma jahazi hadi saa nane usiku, hawakuuliza kitu. Kawapa kahawa na kawaombea dua. Alfajiri wanaondoka kwenda kumwua mnyama."